Siku Nilipomkata Nyabuto Kwenye Kanda

Wajukuu zangu, na ninyi wengine mnaojiita watangazaji kwa sababu mna simu na mdomo, nimeombwa niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi ya redio huku kwetu miaka ya tisini. Nitaandika. Lakini nawaonya mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu. Nilizaliwa nao na nimestaafu nao. Hata leo ukiniambia jirani amenunua ng'ombe wa gredi, nitakuuliza kwanza kama chuchu zake zote nne zinatoa maziwa.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili mjini Kericho, nyuma ya majengo ya serikali. Chumba kimoja kilikuwa cha Bwana Langat, mkuu wetu, na faili zake. Cha pili kilikuwa studio, na kuta zake tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Mimi, Madam Cherono, nilikuwa mtayarishaji na mtangazaji wa kipindi cha mazungumzo ya vijijini, nusu saa kila Jumatano jioni, kwa Kikipsigis. Tuliongea habari za mashamba, mahari, bonasi ya chai, historia ya koo, na nani alichimba kisima gani. Dereva wetu alikuwa Nyabuto. Huyo ndiye nitakayewaeleza habari zake, ingawa moyo wangu ungependa niwaeleze habari zangu.

Kwanza niwafundishe kitu, msije mkasema bibi alipiga domo tu. Huku kwetu mvua huja baada ya chakula cha mchana, kila siku, na nyumba ni za mabati. Ukianza mahojiano saa nane utarudi ofisini na kanda iliyojaa mvua peke yake. Anza asubuhi. Asubuhi nayo ina baridi, na betri hazipendi baridi, kwa hiyo mimi nilizibeba ndani ya sweta, kwapani, kuanzia nyumbani. Na kila mahali ulipofanya mahojiano, kabla ya kuondoka, rekodi dakika moja ya kimya cha hapo. Kimya cha jikoni na kimya cha zizini havifanani. Ukija kuunganisha kanda utakihitaji.

Sisi tulikata kanda kwa wembe. Unasikiliza, unasimamisha magurudumu, unatia alama kwa penseli nyeupe, unakata, unaunganisha kwa utepe wa gundi. Neno la mtu lilikuwa kitu unachoweza kukishika mkononi na kukitupa kwenye kapu. Nyabuto alikuwa akivichukua vipande hivyo kila Ijumaa, akavifunga kwenye vijiti shambani kwa mama yake. Upepo ukivuma vinalia, na ndege wanaukimbia ulezi wake.

Babake Nyabuto alitoka Kisii kuja kuchuma chai, na Nyabuto alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi katika shamba moja kubwa la chai nje ya mji. Kikipsigis alikijua kwa kucheza na watoto wetu, na hakuacha kukizungumza kwa lafudhi ya kwao. Shule aliachia darasa la saba. Mimi nilisomea utangazaji Nairobi nikiwa na mtoto mgongoni, na nikarudi na cheti chenye muhuri. Kumbukeni hilo, maana mimi nililikumbuka kila siku.

Wivu ulianza huko Londiani, siku nilipomhoji mama mmoja mkulima wa viazi. Tulikuwa tumefundishwa kuanza na swali jepesi, nikamwuliza, "Mama, una watoto wangapi?" Mimi, Mkipsigis mzima, mzaliwa wa Bomet! Kwetu watoto hawahesabiwi kwa mdomo, wala ng'ombe.

Yule mama akaniangalia. "Wako," akasema.

Nikakimbilia ng'ombe. "Na ng'ombe je, ni wangapi?"

"Hata hao wako."

Nikauliza magunia ya viazi. Nayo yalikuwako. Mahojiano yakafia hapo, na chai sikupewa.

Tulipokuwa njiani kurudi, Nyabuto alitoa pole akiwa ameangalia barabara. "Madam, si ungeuliza watoto wanaitwa nani? Majina watu hupenda kutaja. Halafu wewe mwenyewe unahesabu polepole kwa kichwa."

Alisema kweli, na nilimchukia kwa kusema kweli. Mtu wa kwao kunifundisha mila ya kwetu, na tena bila cheti! 

Baada ya hapo nilianza kuona kila kitu. Tukifika kwenye boma, mimi nasalimu, natoa kitambulisho, naanza kufungua mashine ya kurekodia. Yeye ameshazunguka nyuma kuangalia ndama mgonjwa. Tukipewa mursik, mimi naonja kidogo, kwa sababu maziwa yale yaliyolala kwenye kibuyu hukuletea mbweu katikati ya swali. Yeye anamaliza kikombe, anapangusa mdomo, anasifu mkaa uliosugua kibuyu. Na mzee akianza kusimulia, maikrofoni iko mkononi mwangu lakini uso wa mzee uko kwa Nyabuto. Mwanzoni nilijiambia ni kwa sababu mimi ni mwanamke, na wazee wale hawakuzoea kuulizwa maswali na msichana aliyevaa sketi ya ofisini. Ilikuwa kweli kidogo. Lakini hata akina mama walimgeukia yeye.

Siri yake ilikuwa moja, na ilinichukua muda kuigundua. Nyabuto aliitikia. Mzee akisema, "Tulitoka Sotik kabla ya jua," yeye anasema, "Ee." "Tukapita mtoni." "Ee." "Mto umejaa." "Ee, baba!" Sisi tulifundishwa kinyume. Mwalimu wetu Nairobi alisema mtangazaji hodari hatii sauti yake kwenye maneno ya mgeni, anatikisa kichwa tu. Nikawa natikisa kichwa mpaka shingo inauma, na wageni wangu wanakauka baada ya sentensi tatu. Kwetu mtu anayesimulia husaidiwa. Usipomwitikia anajua humsikii, au humwamini, na anafunga mdomo wake.

Basi nikamwambia Nyabuto awe anabaki kwenye gari. Nilisema ni kwa usalama wa gari.

"Sawa, Madam," akasema. Vipindi viwili mfululizo vilikuwa vibaya hata mama yangu mzazi aliniuliza kama nimekuwa mgonjwa. Nikamwita arudi. Nilisema mashine ni nzito.

Sasa nifike Sotik. Mnajua pale tunapakana na watu wa Kisii, na mnajua ile miaka kulikuwa na fujo, nyumba zikachomwa, watu wakahama. Fujo zilipotulia, kukabaki nyaya. Kulikuwa na bonde dogo lenye udongo wa chumvi, ambapo ng'ombe wa pande zote mbili walikuwa wakiletwa kulamba tangu babu zao. Chumvi ile ilikuwa ndani ya ardhi ya mzee mmoja, arap Mosonik. Wakati wa fujo vijana wa upande wetu waliizungushia seng'enge, na ng'ombe wa ng'ambo, upande wa Kisii, wakakosa. Maziwa yao yakapungua. Kulikuwa na maneno kwamba wao nao watafunga njia yetu ya kwenda sokoni. Kila mtu aliogopa kwamba moto utaanzia kwenye chumvi.

Arap Mosonik alikuwa mzee mkali, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Wengi walikuwa wamemwomba aseme neno akakataa. Nyabuto ndiye aliyemlainisha. Sijui alifanya nini. Najua tu kwamba wiki tatu mfululizo Landrova ya ofisi ilirudi na matope ya Sotik, na wiki ya nne aliniambia, "Madam, mzee amekubali kuongea redioni. Lakini anataka watu wa ng'ambo wakuwe hapo, wasikie."

Asubuhi hiyo Nyabuto alileta wazee watatu wa Kisii kwa gari letu. Wa upande wetu walikuwa wanne. Arap Mosonik aliketi barazani juu ya gunia la mbolea ya chai, na mimi nikapiga magoti mbele yake na maikrofoni. Nikauliza swali langu la kwanza, nikatikisa kichwa. Kipofu! Nilimtikisia kichwa kipofu.

"Huyu mtoto ameenda?" mzee akauliza.

"Yuko, baba," Nyabuto akasema. "Tunakusikia. Endelea."

Mzee akaendelea kwa muda mrefu. Akaeleza jinsi chumvi ilivyogunduliwa na ng'ombe mwekundu aliyepotea siku mbili, na jinsi babu yake alivyoapa kwamba mnyama hatafukuzwa pale kwa sababu ya lugha ya mwenye mnyama. Nyabuto anaitikia kila sentensi. Mwisho mzee akasimama, akashika fimbo, akatoa baraka. Ninyi mmeziona baraka zetu: mzee anatamka, na watu wote wanajibu "Sere!", yaani iwe baraka.

"Chumvi iwe ya wote."

"Sere!"

"Waya utoke."

"Sere!"

"Ng'ombe wapishane njiani bila kupigwa."

"Sere!"

Nyabuto ndiye aliyeongoza kujibu, na wale wazee watatu wa Kisii wakafuata, wakijibu kwa neno letu. Nilikuwa nimeshika maikrofoni, na nikaisogeza karibu nao. Nilijua nimepata kipindi ambacho sitakipata tena. Na katika dakika ileile nilijua si mimi niliyekipata.

Kesho yake Bwana Langat aliingia studio nikiwa nasikiliza kanda. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni. "Huyu anayeitikia ni nani?"

"Ni Nyabuto tu. Dereva."

"Dereva?" Akavuta kiti. Akasikiliza mpaka mwisho, mtu ambaye kwa kawaida hasikilizi hata taarifa ya habari. "Cherono, huyu kijana ana kitu. Kipindi kikitoka hivi Jumatano, nitaongea na wakubwa. Tumweke mbele ya maiki, wewe ushughulikie matayarisho. Unaonaje?"

Nikasema naona vizuri. Alipotoka nikaona giza. Mbele ya maiki ndipo nilipokuwa nikitajwa jina. Kanisani Bomet watu waligeuka nikiingia, wakasema, "Ndiye yule wa redio." Mama yangu, asiyejua kusoma, alikuwa akisikia sauti yangu kila Jumatano akiwaambia majirani wanyamaze. Mtayarishaji anatajwa mwishoni, haraka haraka, wakati watu wanatafuta viatu.

Kanda ilikuwa ndefu kuliko nusu saa kwa dakika nne. Hiyo ni kweli, na nilishukuru kwamba ni kweli. Ningeweza kukata hadithi ya ng'ombe mwekundu. Ningeweza kukata maswali yangu, maana hayakuwa na maana. Nilichukua wembe nikakata kila "ee" ya Nyabuto. Na kwa kuwa "Sere!" ilianza na sauti yake kila mara, nikazikata zote pia, na za wazee wote saba. Nilifanya kazi safi. Hamtapata leo mtu wa kuunganisha kanda namna ile, hakuna mahali ungesikia mruko. Nilipomaliza, kapu lilikuwa limejaa na arap Mosonik alikuwa anaongea peke yake mwanzo hadi mwisho, kama mhubiri.

Nyabuto alikuja kuchukua vipande vyake. Akaangalia kapu. Akaangalia zile alama zangu za penseli nyeupe, nyingi, mbili mbili, na vipande vifupi vifupi, kila kimoja urefu wa "ee" moja.

"Madam," akasema taratibu, "wiki hii ndege za shamba la mama yangu zitaona moto."

Nikapangusa wembe. Akabeba kapu, akachukua na kanda iliyokamilika, akaipeleka kituo kikuu kule ziwani kama kawaida, ikarushwe hewani. Alijua alichobeba, na aliendesha kilomita zote zile kukifikisha.

Jumatano kipindi kilitoka. Ijumaa asubuhi lori la maziwa kutoka Sotik lilisimama nje ya ofisi yetu. Nyuma lilikuwa limeandikwa "Mwenye wivu ajinyonge". Nilidhani ni mzaha wa Mungu. Akashuka kijana wa arap Mosonik, hakusalimu.

"Nani ametengeneza ile maneno ya baba?" akamwuliza Bwana Langat. "Baba hajakula tangu Jumatano. Anasema mmemtoa kwa redio kama mwendawazimu, anaongea na ukuta. Mtu anatoa baraka na hakuna mwenye kujibu? Hiyo ni baraka ama ni laana?"

Na kulikuwa na mengine. Watu wa upande wetu waliosikia redio dukani walisema, "Mmeona? Wale wa ng'ambo walinyamaza. Wamekataa baraka. Waya haitoki." Watu wa ng'ambo nao walisema, "Wazee wetu walijibu, na redio yao imewafuta. Hawatutaki." Tayari vijana walikuwa wameongeza miiba juu ya seng'enge, na Jumamosi ilikuwa siku ya soko.

Bwana Langat aligeuka kwangu. Kabla sijafungua mdomo akasema mwenyewe, "Ni wale wa kituo kikuu! Wamekata ili waweke matangazo ya vifo. Nimeshawaandikia barua mara ngapi?" Nikanyamaza. Mlango wangu wa kutokea ulikuwa umefunguliwa na mtu mwingine, kazi yangu ilikuwa kupita tu. "Nendeni sasa hivi, ninyi wawili," akasema. "Mkamweleze mzee, mumwombe aseme tena."

Niliibeba mashine, na kaseti ya kipindi kama kilivyotoka. Njiani nilijifunza maneno yangu kimoyomoyo: ni kituo kikuu, mzee, ni kituo kikuu. Tukavuka mji wa Sotik. Hapo Nyabuto akasema tu, "Madam, hiyo betri umeweka kwa sweta?" Nilikuwa nimeweka.

Arap Mosonik alikuwa palepale barazani, juu ya gunia lake. Hatukupewa mursik wala kiti. Mke wake mkubwa alikuwa mlangoni pa jikoni akimenya ndizi.

"Nani alikata watu wangu?" mzee akauliza.

Nikavuta pumzi. Nyabuto akanitangulia.

"Baba, ni mimi," akasema. "Nilikuwa naendesha nikipeleka kanda. Kuna shimo moja mbaya huko chini, gari iliruka, mashine ikakula kanda. Makosa ni yangu. Niliogopa kusema ofisini."

Uongo mtupu, na ulikuwa mbovu, kwa sababu kanda ilikuwa kwenye kopo lake. Lakini mzee hakujua. Niliona uso wake unalegea. Akanyoosha mkono hewani kumtafuta Nyabuto, akaushika mkono wake, akasema, "Kijana, mtu anayesema kosa lake mwenyewe huyo ni mtu wa nyumba hii."

Ningewaambia kwamba dhamiri ilinichoma, mngenipenda zaidi. Dhamiri ilikuwa imekaa kimya tangu Jumatano, na hata pale haikusema. Kilichosema ni wivu. Nilitazama ule mkono wa mzee juu ya mkono wa Nyabuto, nikafikiri: ameshachukua wazee, ameshachukua akina mama, ameshachukua kipindi changu. Sasa anachukua hata kosa langu, na analipwa kwalo! Nikashindwa kuvumilia.

"Ni mimi!" nikasema, na nilisema kwa hasira. "Huyu anadanganya. Hakuna shimo. Nilikata mimi, kwa wembe, nikijua. Kosa ni langu, si lake."

Mzee akageuza uso kwangu. "Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu."

Mama wa jikoni akacheka, akacheka mpaka ndizi ikamtoka mkononi. "Wivu wa kazi!" akasema. "Mtoto, huo ni mdogo. Siku moja njoo bila hiyo mashine nikuambie wa wake wenza. Mimi mwenyewe niliwahi kumwagia mwenzangu chumvi kwenye mboga siku ya wageni."

"Kumbe ilikuwa wewe?" mzee akasema.

"Kula kwanza uone kama ningali naweza," mama akamjibu, akaingia ndani.

Niliona mdomo wa mzee unacheza, akaukaza tena. Nikamwomba aseme baraka upya. Akakataa kabisa. "Baraka niliitoa. Ilitoka. Siwezi kuirudisha mdomoni niiteme mara ya pili. Haijajibiwa huko kwa redio, basi. Waiteni watu waje waijibu hukohuko kwa redio."

Nyabuto akachukua gari kwenda ng'ambo kuwaita wale wazee watatu. Kijana wa mzee akaenda kuwaita wa kwetu. Mimi nikabaki na arap Mosonik, na akaniadhibu. Alinisimulia habari za ng'ombe wake, mmoja mmoja, rangi, mama yake, alivyokufa. Kila alipofika mwisho wa sentensi alisimama na kungoja. "Ee," nikasema. "Sauti!" "Ee, baba." Hivyo kwa zaidi ya saa moja. Nilikuwa na cheti chenye muhuri.

Walikuja si saba, walikuja karibu kijiji kizima, pande zote mbili, wamesimama makundi mawili hawasalimiani. Tuliweka kaseti kwenye redio ya kijana wa mzee. Ndipo nikaona ubaya wa usafi wangu. Sikuwa nimeacha nafasi yoyote. Sentensi moja ya mzee iligusana na ya pili, hakuna pahali pa mtu kutia neno. Wachache wakaanza kujibu, na sauti ya mzee ikawapita, wakachanganyikiwa, mtu mmoja akaguna.

"Simamisha!" arap Mosonik akasema.

Nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya ile redio, nikaweka kidole kwenye kitufe. Sauti ikasema, "Chumvi iwe ya wote." Nikabonyeza, ka! Nikangoja. Hakuna aliyejibu. Watu wanaangaliana. Maikrofoni ya ofisi ilikuwa mkononi mwa Nyabuto, mashine inarekodi, na kimya kile kikazidi kuwa kirefu. Nilielewa kwamba nyaya na soko la kesho na mambo yote yako kwenye kile kimya, na mimi ndiye niliyekitengeneza.

Nikamwangalia Nyabuto. Alikuwa ananiangalia mimi. Hakujibu kwa makusudi, alikuwa ananingoja niseme.

Iliniuma, lakini nikasema kwa sauti mbele ya watu wote, "Nyabuto, waongoze."

"Sere!" akasema Nyabuto.

"Sere!" wakasema wazee watatu. Kisha wetu. Nikaachilia kitufe. "Waya utoke." Ka! "Sere!" Safari hii wote. Nilibonyeza na kuachilia mpaka mwisho wa baraka. Soko la kesho yake lilipita salama. Jumatatu vijana walitoa miiba, na seng'enge ikatoka wiki hiyohiyo. Nguzo moja mtu mmoja mkaidi aliiacha, na nasikia ng'ombe wanajikunia hapo mpaka leo.

Kanda ile mpya sikuigusa kwa wembe. Ilitoka Jumatano na ile "ka!" yangu ndani yake kila mara, na wasikilizaji wakaandika barua kuuliza ile sauti nzuri inayoongoza ni ya nani. Hakuna aliyeuliza kidole ni cha nani. Nilimweleza Bwana Langat ukweli wote. Alinipa barua ya onyo, ambayo ninayo kwenye sanduku, na akampa Nyabuto kipindi. Mimi nikawa mtayarishaji wake mpaka nilipostaafu. Nilimfundisha kukaa mbali na maikrofoni na kutopiga meza, na yeye akanifundisha mengine ambayo siyataji, asije akajua nilijifunza.

Mnaniuliza kama wivu uliniisha. Mmesoma kweli? Siku yake ya kwanza mbele ya maiki, Nyabuto alikuja ofisini amevaa shati jeupe na tai nyekundu, kwa ajili ya redio, ambako hakuna mtu angemwona. Tai ilikuwa imekaa upande, na kila alipoivuta ilizidi kupinda. Nikamwambia asimame vizuri, nikamfunga fundo upya, nikalipandisha mpaka shingoni. Nililikaza zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.